Kadi ya Bawabu

Waliokuwepo nyumbani Jumamosi ile alasiri walikuwa watano, na ni vizuri watajwe mmoja mmoja, kwa sababu baadaye watu wa mtaani waliongeza wengine ambao hawakuwepo.

Wa kwanza alikuwa Mpima, mwenye nyumba, aliyepima ardhi ya serikali kwa miaka thelathini na mmoja na kustaafu bila ramani yake hata moja kurudishwa kwa kosa. Wa pili alikuwa binti yake, Muuguzi wa wodi ya wanawake, aliyekuwa ametoka zamu muda si mrefu, viatu amevua lakini saa yake ya kifuani bado ameibana. Wa tatu alikuwa Fundi Saa, shemeji wa Mpima na mjomba wa Muuguzi, mtu mnene ambaye hakuweza kukaa dakika kumi bila kumtania mtu. Wa nne alikuwa mwalimu wa hesabu, rafiki wa Muuguzi tangu darasa la kwanza, ambaye kila mtu, pamoja na mkuu wake wa shule, alimwita Jumla. Hawa wanne walikuwa mezani sebuleni. Wa tano alikuwa mke wa Mpima, Bi Simu, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliwahi kukaa miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu, akiunganisha sauti za watu. Yeye alilala katika chumba kilichopakana na sebule, mlango ukiwa wazi, na upande wote wa kulia wa mwili wake ulikuwa umepooza kwa kiharusi tangu mwaka uliotangulia.

Wanne wale walikuwa wakicheza mchezo wao wa kila Jumamosi. Haukuwa karata wala bao. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mpima ndiye aliyekuwa Msimulizi: alichora ramani ya nchi isiyokuwepo, kwa kalamu ileile ya wino aliyochorea mashamba ya watu, na wengine watatu kila mmoja alikuwa na mhusika wake aliyetembea katika nchi hiyo, akapigana, akaiba, akaoa, akafa ikibidi, kwa kadiri dadu zilivyoanguka. Safari ya zamani ilikuwa imemalizika wiki iliyopita. Sasa walikuwa wanaandaa nchi mpya, na Mpima alisema nchi haiwezi kusimama bila dini.

"Miungu ya kubuni," alisema Jumla, akinoa penseli. "Yule wa kweli anajua kwamba tunacheza."

"Anajua," Mpima alijibu. "Kazi ni sisi tusisahau."

Alikuwa amekata kadi za karatasi ngumu, na juu ya kila kadi ameandika maneno matano, moja kila mstari: Jina, Himaya, Zawadi, Mwiko, Mwisho. Mstari wa tano aliushikilia kuliko yote. Katika safari ya zamani waliwahi kumbuni mungu mmoja bila kuandika namna ya kumshinda, naye akala mchezo mzima. Miezi minne hapakuwa na mhusika aliyeweza kufanya lolote. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba kila mungu wa mezani awe na mwisho wake ulioandikwa, na kadi isiyo na mwisho haigongwi muhuri. Muhuri huo alikuwa amepewa kazini siku ya kustaafu, wa mbao, wenye neno moja: IMEKUBALIWA. Kanuni ya pili ilikuwa kwamba jina la mtu aliye hai halitamkwi kwenye sala za mezani.

Fundi Saa alimaliza wa kwanza.

"Huyu anaitwa Kidoko," alisema. "Himaya yake ni vitu vilivyopotea. Mwiko wake, asitafutwe. Mwisho wake, hufa siku atakapopatikana."

"Mjomba, huyo ni wewe siku ya kuosha vyombo," alisema Muuguzi.

Jumla alileta Tandasi, mungu wa nyota na hesabu zake, ambaye hufa akigawanywa kwa sifuri. Mpima mwenyewe aliandika Nduwa, mungu wa mawe ya mipaka, ambaye hufa siku majirani wawili watakapokubaliana kung'oa jiwe kwa hiari. Fundi Saa alisema huyo basi ataishi kuliko wote. Mpima aligonga muhuri mara tatu, na kila mara alipuliza wino ukauke.

Kadi ya Muuguzi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake mdogo wa hospitali. Jina: Bawabu. Himaya: vizingiti vyote. Zawadi: kifo hakitapita mlango anaousimamia. Mwiko: asipitwe bila kuombwa njia. Mstari wa tano ulikuwa mtupu.

"Mwisho uko wapi?" Mpima aliuliza.

"Hana."

"Kila mungu wa meza hii ana mwisho, mwanangu."

"Kazini nafunika watu nyuso kila wiki, Baba. Niachie mmoja tu asiye na mwisho, hata kama ni wa karatasi."

"Mpe, shemeji," alisema Fundi Saa. "Nani atakuja kukukagua?"

"Nitajikagua mimi," alisema Mpima, akaisukuma kadi pembeni, mbali na muhuri.

Hapo ndipo pumzi ya Bi Simu ilipobadilika. Wote waliisikia kupitia mlango: ilipanda, ikasita, ikashuka kama ndoo inayoburutwa juu ya kokoto, kisha ikasita tena kwa muda mrefu zaidi. Muuguzi alikuwa ameshainuka. Alimgeuza mama yake ubavu, akasafisha kinywa, akashika mkono wake akihesabu. Jumla alipiga simu ya gari la wagonjwa. Wakamwambia dakika arobaini. Muuguzi aliposikia dakika arobaini, aliitazama saa ya kifuani, akaitazama sura ya mama yake, na kwa kuwa alikuwa ameshaona nyuso nyingi za namna ile, alijua kwamba hazipo.

Alirudi mezani, akachukua kadi yake, akaiweka chini juu ya kizingiti cha chumba cha mgonjwa, akapiga magoti. Katika mchezo, mhusika anayesali huweka kiganja juu ya kadi, hutaja jina la anayeombewa, na husema haja yake. Muuguzi aliweka kiganja. Alitaja jina kamili la mama yake, lile la kuzaliwa, na jina la baba wa mama yake, na akasema, "Asipite."

Fundi Saa alipiga magoti kwa shida, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mpwa wake. Jumla akaweka chake. Na Mpima, ambaye katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kupitisha kazi isiyokamilika, alichukua muhuri, akainama kati ya vichwa vyao, akaugonga juu ya kadi ile. Kwa nini alifanya hivyo hakuwahi kueleza vizuri. Alisema tu kwamba mkono ulikwenda.

Sebule ilijaa harufu ya utambi uliozimwa. Hapakuwa na taa ya mafuta katika nyumba ile, wala mshumaa. Kisha Bi Simu akavuta pumzi, moja, nyingine, zenye mpangilio, na watu wa gari la wagonjwa walipofika walimkuta amefumbua macho, anauliza kwa nini watu wazima wamepiga magoti sakafuni kama watoto.

Siku za mwanzo walicheka. Walipopita kuingia chumbani kwa mgonjwa walisema, "Bawabu, tunaomba njia," na Fundi Saa alivua kofia kabisa. Jumamosi iliyofuata alikanyaga mende karibu na mguu wa meza, kwa kisigino, sauti ya kupasuka ikasikika vizuri. Mende aliendelea kutembea. Alitembea akiwa bapa kama stempu, akiburuta uchafu wake nyuma yake, akazunguka meza mara mbili.

"Mende wana roho saba," alisema Fundi Saa.

"Basi mpe muda azimalize," alisema Jumla. Akamfunika kwa glasi. Jumamosi nyingine walipokutana, mende alikuwa bado anazunguka ndani ya glasi, na hakuna aliyemtania mwenzake.

Jumatatu yake mtego wa jikoni ulinasa panya. Waya ulikuwa umemvunja shingo, kichwa kimegeukia mgongoni, lakini macho yake yaling'aa na ubavu wake ulipanda na kushuka, na ulikuwa unapanda na kushuka Jumanne, na Jumatano. Mpima alimpeleka uani ndani ya kopo, akaweka tofali juu, na alipopita karibu na kopo lile alitazama upande mwingine. Alhamisi Jumla alileta kuku wa mchuzi wa mgonjwa, wakamchinja uani, wakamtia maji ya moto na kumnyonyoa, na Muuguzi alipoingiza mkono kutoa matumbo alihisi kitu kidogo kinagonga vidole vyake, kwa haraka na kwa mpangilio, akatazama kando, akaona kichwa kilichokuwa kwenye sinia kinafungua mdomo na kuufunga, kinafungua na kuufunga, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Walimzika karibu na ukuta. Kutwa nzima udongo pale ulivimba kidogo na kushuka, ukavimba na kushuka.

Daktari alikuja kumtazama Bi Simu. Alishika kifundo cha mkono, kisha shingo, kisha akaweka chombo chake kifuani, akakihamisha, akakihamisha tena.

"Mapigo siyapati, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Tafuta vizuri, mwanangu, ndiyo kazi uliyosomea," alisema Bi Simu kwa nusu ya mdomo wake iliyobaki.

Daktari alisema atarudi na mwenzake. Hakurudi.

Bi Simu hakuwa anapona. Vidonda vya mgongo vilifika mfupani na havikutoa damu. Upande wa kushoto nao ulianza kukauka, kidole kimoja kimoja, na maumivu yalikuwa pale pale, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kimesimama isipokuwa maumivu. Hakulala. Alichotazama ni mlango.

"Kuna mtu amesimama hapo," alimwambia mumewe alasiri moja, jua likiwa bado dirishani. "Tangu siku ile. Hakai, haondoki."

"Mtu gani?"

"Mimi nitajuaje? Nyinyi mnamsalimu kila mkipita. Mimi hajaniamkia hata siku moja." Akapumzika kidogo. "Na kila nikipiga kule ninakokwenda, laini inakatwa. Yeye ndiye anayeikata. Namjua mtu anayekata laini, nimeifanya kazi hiyo."

Siku hiyohiyo Jumla alibeba beseni la maji ya kumwoshea, akiwa anafikiria madaftari ya kusahihisha, akasahau kuomba njia. Alipofika kizingitini ilimbidi asukume, kama mtu anayepita katikati ya mashuka mabichi yaliyoanikwa, mashuka mengi, moja nyuma ya jingine, yenye baridi na uzito na ile harufu ya utambi, yakimshika usoni na puani na kumzunguka kiuno, na akiwa bado kati ya sebule na chumba, hatua moja ambayo alikuwa ameivuka mara elfu, alisikia karibu na sikio lake mtu akihamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine, taratibu, kama askari aliyezoea kusimama. Alitokea upande wa pili akiwa amelowa. Maji ya beseni yalikuwa hayajapungua hata tone.

"Muuguzi," alisema alipoweza kusema. "Ile kadi iko wapi?"

"Nimeihifadhi."

"Itoe uandike mstari wa tano."

"Siandiki."

Walimwita mtabibu wa majini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na mkoba wa ngozi, aliyezungumza kama karani. Hakufukiza kitu. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye kizingiti, akanusa, akasikiliza, akaomba kuonyeshwa kadi. Muuguzi aliitoa chini ya kofia yake ya kazi. Mtabibu hakuigusa; aliisoma ikiwa mkononi mwake, akainama kuutazama muhuri.

"Nani aligonga hii?"

"Mimi," alisema Mpima.

"Basi siwezi kuwasaidia," alisema mtabibu. "Mimi huwatoa waliovamia. Huyu hakuvamia. Huyu ana barua ya ajira."

"Lakini ni mchezo," alisema Fundi Saa, akinong'ona. "Tulikuwa tunacheza."

"Nyinyi mlikuwa mnacheza. Yeye alikuwa nje, hana jina, miaka mingi kuliko mji huu. Wako wengi hivyo, wanapita mlango kwa mlango wakitafuta jina la kuingia. Majina mengi yana kufuli. Ya kwenu yalikuwa na kufuli, yule wa vitu vilivyopotea, yule wa mipaka. Hili mmeliacha wazi, mkalitia sala ya watu watatu na muhuri wa wa nne. Nyumba tupu haikosi mpangaji." Alifunga mkoba wake. "Anayeweza kuandika mwisho ni mkono ulioandika mwanzo. Na atawazuia. Mimi kwake ni mgeni, hata sala yangu hataisikia."

"Akizuia tufanyeje?"

"Msimpigie magoti," alisema mtabibu. "Ameshazoea hilo."

Akaaga, akatoka kwa mlango wa nje bila kugeuka.

Jioni hiyo Bi Simu alimwita binti yake. Muuguzi aliomba njia, akapita, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Umenifungia," alisema mama.

"Nimekulinda."

"Mlinzi na askari jela huvaa sare moja, mwanangu. Anayejua tofauti ni aliye ndani."

Muuguzi alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka tayari.

"Naogopa, Mama."

"Unamwogopa yule?"

"Simwogopi yeye. Naogopa kalamu. Nikiandika, itakuwa ni mimi niliyefanya. Kila nitakayemfunika uso wodini nitakuona wewe."

Bi Simu alikusanya pumzi.

"Wewe utaandika mwisho wake, si wangu," alisema. "Wangu uliandikwa zamani na asiyehitaji kalamu yako. Au unadhani wewe ni mkubwa kiasi hicho? Sikukulea na majivuno." Akamtazama kwa jicho lililokuwa bado linafumba. "Mimi katika nyumba hii sijawahi kumwomba mtu njia ya kupita chumbani kwangu. Sitaanza sasa. Jumamosi waite wote, mchana, mapazia wazi. Na usilie mbele yake. Akalilie nje."

Jumamosi walikaa mezani saa tisa na nusu, mapazia wazi, jua limemwagika mpaka katikati ya sakafu. Kadi ilikuwa mbele ya Muuguzi, muhuri mbele ya Mpima. Kupitia mlango waliweza kumwona Bi Simu, aliyekuwa ameinuliwa kwa mito mitatu, anawatazama. Kati yao na yeye, kizingitini, hapakuwa na kitu, ila ubao wa sakafu pale ulikuwa umebonyea.

Muuguzi alishika kalamu. Harufu ya utambi ikaja mara moja, nzito, mpaka Fundi Saa akakohoa.

Sauti ilitoka mlangoni. Haikuwa ya kutisha kwa ukali. Ilikuwa ya upole, ya mtu anayesoma barua ya mwingine kwa makini.

"Sikuvunja mlango," ilisema. "Niliitwa."

Muuguzi hakuiweka kalamu chini.

"Niliombwa asipite, na hajapita. Ni nani kati yenu mwenye lalamiko? Muuguzi, wiki hii umefunika nyuso tatu. Hapa hujafunika hata mmoja. Weka kalamu chini, nami nitamsimamia na baba yako, ambaye moyo wake umechoka na hajakwambia. Nitamsimamia mjomba wako. Nitakusimamia wewe. Katika nyumba hii hapatachimbwa kaburi tena."

Muuguzi alimtazama baba yake, na Mpima hakukanusha habari ya moyo. Na katika kimya kile wote wanne walisikia vitu ambavyo kwa siku nyingi walikuwa wamejizoeza kutovisikia, miguu ya mende ikikwaruza ukuta wa glasi, na kopo la uani likigongwa kutoka ndani chini ya tofali lake, na udongo wa karibu na ukuta ukipanda na kushuka kwa sauti ya mtu anayetafuna, na pumzi ya Bi Simu ambayo haikuwa pumzi tena bali hewa inayoingia na kutoka katika nyumba isiyo na mtu, na waliposikia hayo yote kwa pamoja walielewa ni maisha ya namna gani waliyokuwa wanaahidiwa, miaka na miaka yake, wakiwa wamekaa bapa kuzunguka meza hii.

Fundi Saa ndiye aliyesema kwanza.

"Bwana, mimi ni fundi saa. Saa isiyosimama sijapata kuiona, na nikiiona nitajua ni bandia. Mimi sitaki."

"Nami sitaki," alisema Jumla. "Nitoe kwenye hesabu yako."

"Wewe uliweka kiganja," sauti ilisema.

"Nimekiondoa."

Muuguzi aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa tano. Wino haukutoka. Akaikung'uta, akajaribu tena. Karatasi ilikuwa baridi kama bamba la chuma, na vidole vyake vilianza kufa ganzi kutoka kwenye kucha kuja juu.

"Mimi ndiye niliyekutunga," alisema bila kuinua kichwa.

"Ulitunga jina. Mimi nilikuwepo kabla ya jina."

"Basi rudi ulikokuwa. Jina niachie, ni langu."

Ubao wa kizingiti ulilia. Kitu kiliinua mguu kutoka pale, kwa mara ya kwanza tangu kisimame, kikauweka sebuleni, na mwanga wa jua kwenye sakafu ukapinda kukizunguka kama maji yanavyozunguka nguzo. Kiliweka mguu wa pili. Hewa ilikuwa mashuka mabichi, hapakuwa na pa kuvutia pumzi, na Muuguzi, akiwa hahisi tena vidole vyake, alishika kalamu kwa ngumi kama mtoto anayeanza shule, akaitia ncha kinywani, akailowesha kwa mate, akaandika kwa herufi kubwa mbaya ambazo hakuwahi kuziandika maishani mwake, akisema kila neno kwa sauti kadiri alivyoliandika, ili hata kama karatasi itakataa, masikio yasikatae: "Mwisho. Bawabu hufa, pale anayelindwa, anapomwambia hapana."

"Kadi ilikwisha kugongwa," sauti ilisema, sasa ikiwa juu ya meza yenyewe. "Kilichokubaliwa hakiongezwi. Mpima, hiyo ni kanuni yako."

"Ni yangu," alisema Mpima. Alisimama. Ilimchukua muda kunyooka, lakini alinyooka. "Na mimi ndiye niliyeivunja. Niligonga kazi isiyokamilika, kwa sababu niliogopa kubaki bila mke wangu. Hilo ni kosa langu, si la binti yangu. Kazi yenye kosa hurudishwa. Nairudisha."

Alichukua kalamu nyekundu, akaukata muhuri wa kwanza kwa mstari mmoja ulionyooka bila rula, akaandika tarehe. Kisha akaugonga muhuri upya chini ya mstari wa tano, akapuliza wino ukauke, bila haraka, ingawa nywele za kichwa chake zilikuwa zimesimama na damu ilikuwa inamtoka puani.

Wote wakamgeukia Bi Simu.

Alikuwa anakitazama kile kilichosimama kati yao. Nusu ya mdomo wake ilitikisika, ikakwama. Akajaribu tena. Kile kitu kiligeuka kumtazama; waliona mwanga ukigeuka.

"Nitakupa upande wako wa kulia," kilimwambia, kwa upole kabisa. "Utatembea."

Bi Simu alivuta hewa yote aliyoweza kuvuta.

"Hujaniamkia," alisema. "Wiki nne unasimama chumbani kwa mtu mzima, hujaniamkia. Hapana."

Hapakuwa na kishindo. Jua lilinyooka sakafuni. Ubao wa kizingiti uliinuka ukawa sawa na wenzake. Mende alikunja miguu chini ya glasi, na uani kukawa kimya, kopo na udongo. Harufu ilipungua, kisha ikawa ya chumba cha mgonjwa tu, ya dawa na sabuni na mto wa siku nyingi. Fundi Saa alijaribu kucheka. Mpima alikaa chini, akafunga kasha la wino.

Muuguzi alikuwa ameshavuka kizingiti. Hakuomba njia. Alipanda kitandani na saa yake ya kifuani, akamwegemeza mama yake begani, akashika kifundo cha mkono wake, na pale, chini ya kidole, mapigo yalikuwa yamerudi, madogo, yanachelewa, ya kweli.

"Sema na mimi," alisema.

"Nimechoka kusema. Sema wewe," alisema Bi Simu. "Waambie waingie. Kwa nini wamesimama kama wageni?"

Wakaingia.

Bi Simu alifariki saa kumi na dakika kumi na nane alasiri.